Manukato Hayakuwa Kitu Kimoja

Mwanangu Hawa,

Barua hii nimeiweka juu ya mto wako kwa sababu nakujua. Ukirudi kutoka Makindye utasema umechoka, utajitupa kitandani na viatu vyako, na karatasi itakugusa shavu. Isome leo. Usiibebe kwenda kuisomea Morogoro. Yaliyomo nataka uyajue kabla hujapanda basi, na kesho alfajiri, mbele ya baba yako na mizigo na dereva anayepiga honi, mdomo wangu utakuwa mzito. Umeuzoea.

Mambo ya kula, kulala na kufunga mlango siyaandiki. Shangazi yako atakuwa ameyamaliza yote huko Makindye kwenye kambi ya polisi, tena kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani. Baba yako naye amekuambia lake moja, utunze pasipoti, na kwa polisi mstaafu hiyo ni hotuba ndefu. Mimi nina jambo lingine.

Tangu ulipopata nafasi ya kusomea ualimu wa kemia chuoni, mimi na wewe tumekuwa tukizungumza habari za sabuni na sukari tu. Wote wawili tunajua sababu. Siku ile wanawake walipokuja kukupongeza, nilikaa katikati yao nikasema huku nacheka, "Huyu ndio asome kemia? Si ndio alitaka kutuchoma wote?" Wakacheka. Wewe ukakusanya vikombe, ukaenda jikoni, na hukurudi. Wageni walipoondoka ukasimama mlangoni, umeshusha mkono wa blauzi mpaka kwenye vidole kama unavyofanya siku zote, ukaniambia:

"Mama, mimi sitaki kitu kwako. Wewe useme tu mbele yao vile ilikuwa. Ukisema, nitakuja kuomba radhi kwako nikienda. Ukikataa, nitaenda tu hivyo."

Nikakujibu kwamba mtoto hampangii mama masharti. Wewe ukasema, "Kale, Mama," yaani haya basi, ukaenda kulala. Hukupaza sauti. Ungepaza sauti ningejua la kufanya, maana kugombana nakuweza.

Kwetu Wanubi mtu haondoki nyumbani bila radhi ya mama yake. Hata wale wajomba zangu wakorofi, waliomwibia Haboba, bibi yangu, kuku wake, walikuwa wakipiga magoti mbele yake kabla ya kwenda popote. Na wewe ulikuwa tayari kuvuka mpaka bila neno. Nilipoelewa kwamba hukuwa unanitisha, nilianza kuogopa. Kusema kweli, niliogopa sana.

Sasa nikuambie kitu utakachokicheka. Majuma haya nimekuwa nakiiba kitabu chako, kile cha sayansi cha shule ya msingi ulichoagiza kutoka Tanzania ili ujue maneno ya Kiswahili kabla hujafika. Ukitoka nakichukua, ukirudi nakirudisha. Kama umeona alama ya samli kwenye ukurasa wa hali za maada, usimlaumu baba yako. Kiswahili cha kitabu hakikunisumbua, maana unajua nilikisoma Kibera nilipoishi kwa shangazi yangu, na mwalimu wetu hakuwa na mchezo. Kilichonisumbua ni kwamba kila ukurasa nilikuta kazi yangu humo, na nilikuwa naifanya miaka yote bila kuijua.

Wanasema kila kitu ulimwenguni ni maada, nayo huja kwa hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Neno yabisi lilinichekesha. Wameweka picha. Kwenye yabisi chembe zimebanana na hazina pa kwenda. Kwenye kimiminika zinateleza, na kwenye gesi kila moja inashika njia yake na haiulizi mtu. Nikafikiri habari za udi. Sukari naitia kwenye sufuria ikiwa yabisi, inayeyuka kwenye maji, inakuwa shira, nachanganya na vipande vya sandali, ikipoa inaganda juu ya vipande hivyo, halafu siku ya harusi mtu anaweka kipande kwenye chetezo na moshi unaingia mpaka kwenye nywele za bibi harusi. Haboba alinifundisha yote haya bila kutaja hata chembe moja.

Lakini kuna kitu ambacho Haboba hakunifundisha, kwa sababu zama zake hakikuwepo, na ndicho kilichokuunguza wewe.

Haboba alipika udi kwa mafuta. Mafuta ya waridi, mafuta ya miski, mazito, yanayokaa kwenye kichupa kidogo na hayaishi. Shira ikiwa bado inatokota juu ya makaa ya sigiri, aliyamimina hapohapo, akakoroga, akaendelea kunisema kuhusu tabia zangu. Hakuna kilichowaka. Mimi nikajifunza hivyo: manukato yanamiminwa sufuria ikiwa motoni. Nilijifunza kwa pua na kwa mkono. Chochote kilichonukia vizuri nilikiita manukato, na manukato nilijua pa kuyatia.

Ndipo ikaja harusi ya Rehema, binti wa yule rafiki yangu wa Kisenyi mwenye duka la vitambaa. Wewe ulikuwa Senior Two, kidato cha pili kama wasemavyo huko uendako. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, kwa hiyo tuliingiza sigiri kwenye kile chumba cha nyuma ya nyumba yao na kufunga dirisha. Mama Rehema akaja na chupa kubwa ya manukato ya kupulizia, ya kisasa, akasema binti yake anataka harufu hiyo na si ile ya bibi zake. Nikafungua kifuniko. Ilinukia vizuri. Ilikuwa nyepesi kama maji, na hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini sikushtuka.

Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu na mlango unapepeta vipande vya sandali. Ukanusa, ukasimama.

"Mama, hiyo usimwage sasa. Iko na spiriti ndani. Ikipata joto inakuwa gesi, na gesi itaenda kwa moto."

"Wewe mtoto, mimi napika udi tangu wewe haujazaliwa. Peleka wageni chai."

"Lakini Mama, tumesoma hiyo juzi. Toa sufuria kwanza."

"Nimesema chai!"

Nikamimina. Ilichemka palepale, na kwa muda mfupi sikuona kitu, kwa sababu gesi ile haionekani. Hilo ndilo nililolisoma juzi kwenye kitabu chako na kulirudia mpaka nikalielewa: spiriti ikiwa kimiminika haikufika kwenye makaa, uliofika ni mvuke wake. Ulishuka, ukatambaa sakafuni chini ya miguu yangu, ukaufikia moto wa sigiri, na moto ukarudi nao kwa njia ileile mpaka kwenye sufuria na mpaka karibu na chupa niliyokuwa nimeishika.

Mimi nilisimama. Mama yako, mwenye maneno kuliko soko zima la Kisenyi, nilisimama kama gogo na chupa mkononi. Wewe ukaninyang'anya chupa ukaitupa nje kwenye mvua, ukachukua sinia ya mchele, ukamwaga mchele chini na kuifunika sufuria, ukaishikilia mpaka moto ukafa. Mkono uliokuwa juu ya sinia ndio ulioungua, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.

Watu wakaja mbio. Mtu akapiga kelele, "Banange, nini imetokea?" Na mimi, kabla hata sijakuangalia mkono, nikasema, "Mtoto amemwaga manukato kwa moto."

Nilisema hivyo. Ulikuwa umesimama hatua mbili kutoka kwangu, umeushikilia mkono, na ukanitazama. Hukulia wala hukunikanusha. Mpaka leo sijui kama ulinyamaza kwa heshima au kwa maumivu, na sikuwahi kukuuliza kwa sababu kwa jibu lolote ningestahili kuchapwa.

Najua unachotaka kujua: kwa nini? Nimekuwa na miaka ya kutafuta sababu nzuri, sikuipata. Harusi nyingi zilikuwa zinakuja. Mpishi wa udi anayewasha moto kwenye nyumba ya bibi harusi haitwi tena. Nilifikiri mtoto husamehewa, mtu mzima husengenywa. Baadaye nikafikiri nitalirekebisha ukipona. Ulipona, nikafikiri watu wamesahau. Nao hawakusahau kwa sababu mimi mwenyewe niliwakumbusha, nikageuza kuwa kichekesho cha kila harusi. Uongo niliousema kwa hofu niliuweka kwenye shira na kuukoroga mpaka ukawa mtamu.

Kosa la kumimina, mwanangu, lilikuwa la ujinga, na ujinga una dawa. Nilikuwa naainisha vitu kwa harufu, wakati kitabu chako kinaviainisha kwa vilivyo: hiki huchemka kwa joto dogo, hiki kinahitaji kubwa, hiki kinawaka, hiki hakiwaki. Mafuta ya Haboba na ile chupa ya Mama Rehema vilinukia kama ndugu, lakini havikuwa kitu kimoja hata kidogo. Ningekusikiliza ningelijua hilo kwa bei ya kikombe cha chai kilichochelewa. Kosa la pili, lile la mdomo, sina wa kumsingizia.

Hata watu nimewapanga vibaya mara nyingi, kwa harufu hiyohiyo. Baba yako alipokuja kuniposa, Mwacholi, Mkatoliki, na buti za polisi zimejaa matope, mimi mwenyewe karibu nimfukuze. Nilimwona anafaa kukamata wezi tu. Na ulipokuwa mdogo, watoto wa kambini walipokuuliza kama wewe ni Mnubi au Mwacholi, ukaja kuniuliza, nami nikakujibu kwamba wewe ni chai ya maziwa. Nilijiona nina hekima. Miaka ikapita, ukarudi kutoka shule umechangamka, ukatuambia mezani kwamba chai ya maziwa ni mchanganyiko tu, kila kitu ndani yake kimebaki kilivyokuwa, na wewe si mchanganyiko. Ukasema wewe ni kampaundi. Ukatupa mfano wa chumvi, kwamba imetokana na metali inayolipuka ikiguswa na maji na gesi ya sumu, na vikiungana vinakuwa kitu kipya ambacho watu hutia kwenye mchuzi. Baba yako akaacha kula.

"Sasa hapa ndani, gesi ya sumu ni nani?" nikauliza.

Baba yako akaninyooshea kijiko, hakufikiri hata kidogo. Tulicheka mpaka ukapaliwa. Siku ile nilikutazama nikawaza, huyu mtoto anajua yeye ni nani kuliko mimi ninavyojua. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kusema ukweli siku ile, tumefurahi, tumeshiba. Niliondoa sahani.

Sasa nikuambie ya leo, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Wewe ulipokwenda Makindye kuwaaga watu wa baba yako, mimi nilikwenda Kisenyi kwa Mama Rehema. Mdogo wake Rehema anaolewa wiki ijayo, na nilikuwa nimeitwa kupika udi. Chumba kilekile cha nyuma. Wanawake wamejaa, kina mama zake bibi harusi wamejifunga nguo zao za gurbaba, mmoja anagonga ngoma kwa vidole kwa kujaribu tu. Nikapika shira, nikatia sandali, nikatia mafuta. Yakabaki manukato ya spiriti, maana siku hizi kila bibi harusi anayataka.

Nikaipua sufuria na kuiweka sakafuni. Nikamwita kijana wa makaa aitoe sigiri nje kabisa, mpaka kwenye uchochoro. Nikafungua dirisha na mlango. Kisha nikakaa.

"Mama Hawa, mbona unatoa moto inje? Udi imeiva?" akauliza mmoja.

"Bado. Nangoja ipoe."

"Haboba wako hakuwa anangoja."

Hapo nikaona kwamba naweza kujibu chochote na kazi ikaendelea. Ningeweza kusema ni mtindo mpya. Nikasema, "Nangoja kwa sababu Hawa alinifundisha. Siku ya Rehema alinikataza nisimimine, nikamfukuza akalete chai. Mimi ndiye nilimwaga. Yeye alizima moto na sinia. Nilisema uongo juu ya mtoto wangu, na nimeurudia mbele yenu kila harusi."

Mama Rehema alikuwa anakata nyuzi za kitambaa, hakuinua hata kichwa.

"Hiyo si najua?" akasema. "Hiyo siku mimi nilikuwa kwa mlango. Nilisikia mtoto anakukataza mara mbili."

"Ulijua? Na hukusema?"

"Wewe ndio mama yake. Nilikuwa nangoja wewe. Wewe ukicheka, sisi tunacheka. Tungefanya nini?"

Na mwingine akasema kwamba alikuwa ameshasikia kwa Mama Rehema. Na mwingine tena. Hawa, nusu ya chumba kile ilikuwa inajua. Miaka yote hiyo nimeulinda uongo ambao haukumdanganya mtu wa maana. Walikuwa wakinicheka mimi kimoyomoyo na kukuonea huruma wewe, na mtu pekee ambaye uongo ule ulimwumiza ni wewe, uliyekuwa ukipita na sinia ya chai katikati ya vicheko vyao. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nililia pale, mbele ya sufuria, mpaka bibi harusi mwenyewe akaja kunifuta machozi kwa mtandio wake.

Udi ulipoa. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa sufuria, nikaona naweza kukiacha hapo bila kuungua, ndipo nikamimina. Hakuna kilichowaka. Mama Rehema akasema umeshika harufu kuliko wa siku zote, kwa sababu haikupotea hewani. Nikamwambia hilo nalo ulilisema wewe, na kweli uliwahi kulisema, mimi ndiye nilijifanya sikusikia.

Kopo moja la udi huo nimekutilia kwenye sanduku, katikati ya mashuka. Kifuniko chake hakibani vizuri, kwa hiyo ukifika Morogoro nguo zako zote zitakuwa zinanukia nyumbani. Wewe utajua kueleza ni chembe zipi zimetoka wapi na kuingia wapi. Mimi inanitosha kwamba zimeingia. Maabarani lakini usinukie udi, wasije wakakufikiria umekuja kuolewa.

Nilipinga kemia yako kwa muda mrefu na nilisema ni kwa sababu ya moto, kwamba sitaki ushike tena vitu vinavyowaka. Haikuwa kweli yote. Niliogopa kwamba kadiri unavyosoma ndivyo utakavyozidi kuelewa nilichofanya siku ile. Lakini wewe ulielewa ukiwa Senior Two, na bado uliendelea kuniletea chai. Kwa hiyo nenda ukasome. Ukawe mwalimu. Na siku mtoto wa darasa lako atakapokuambia, "Mwalimu, usimwage," weka chini ulichoshika kwanza, hata kama amekosea. Hilo ndilo pekee ninaloweza kukufundisha kuhusu kazi yako, nami nimelinunua kwa mkono wako.

Kesho usije kupiga magoti. Radhi yangu unayo, nimeitoa leo Kisenyi mbele yao wote, na hata usingeniwekea sharti ilikuwa yako. Mimi ndiye niliye na la kuomba kwako, na naliomba hapa kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitaingiza mzaha. Nisamehe, mwanangu. Usinijibu asubuhi. Nijibu siku utakayoweza.

Nimeona umepakia blauzi za mikono mirefu tupu. Huko unakokwenda naambiwa kuna joto. Nimekuongezea mbili za mikono mifupi, zile za bluu. Ukizivaa watu watauliza, kwa sababu watu ni watu. Usiseme tena kwamba ulimwaga kitu ukiwa mtoto. Sema, "Nilimwambia mama yangu asimimine, hakunisikia, nikazima moto." Sema hivyohivyo, na ukisema, usiufunike mkono.

Mama yako